Kilango kilichofungwa saa sita usiku: kisa cha tanuri la vigae, Uppsala

Aliyetuokoa ni mama mkwe, na wala hakujua kama anatuokoa. Saa tisa usiku alikuja kugonga mlango wa chumba chetu, kashika ukuta, kichwa kinampasuka na tumbo linamchafuka.

"Baba Idrisa, hebu fungua madirisha. Nyumba hii ina mkaa."

Hapakuwa na mkaa. Hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Kule sebuleni alikolala kulikuwa na tanuri la vigae linalofika karibu na dari, milango yake ya shaba imefungwa vizuri, na king'ora cha moshi kilikuwa kimya juu yake, kitaa chake kikimemeta kuonyesha kwamba betri ni nzima. Lakini mama ni wa Lushoto, na Lushoto ikifika Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Kichwa cha namna ile alikuwa anakifahamu tangu utotoni.

Nimeulizwa na jamaa kadhaa wanaoishi huku nini hasa kilitokea, na kila mara nimejibu kwa ufupi kwa sababu naona haya. Nilifundisha fizikia sekondari miaka tisa kabla ya kuhamia Uswidi. Sasa naandika kisa chote, pamoja na yale yaliyogunduliwa tanuri lilipofunguliwa miezi miwili baadaye, maana nilichoamini usiku ule na kilichokutwa ndani havikufanana.

Nyumba yetu ni ya mbao, nje kidogo ya mji wa Uppsala, ya miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tuliinunua mwaka 2021. Joto la kila siku linatoka kwenye pampu ya joto iliyofungwa ukutani kwa nje, ikisaidiwa na vipasha joto vya umeme chini ya madirisha. Matanuri ni mawili: la sebuleni, la mviringo, jeupe, limejibana kwenye kona na kuvikwa taji la majani ya kufinyangwa, na jingine dogo juu yake ghorofani, katika chumba cha Idrisa. Yote mawili yanapumulia kwenye mnara mmoja wa dohani, kila moja na njia yake. Aliyetuuzia alisema la sebuleni linafanya kazi na la juu hakuwahi kuliwasha. Hatukuuliza zaidi. Mwaka wa kwanza lilikuwa pambo, mke wangu akiweka juu yake vyungu vya maua. Desemba 2022 bili ya umeme ilipoingia ndipo tukaanza kuliangalia kwa jicho jingine.

Waswidi huliita kakelugn: kakel ni kigae, ugn ni tanuri, kwa hiyo jina la tanuri la vigae sikulibuni mimi. Lakini jina hilo linapotosha kidogo. Vigae ni nguo tu. Kilichomo ndani ndicho chenye kisa.

Matanuri ya vigae yalikuwepo Uswidi zamani, kwenye makasri na majumba ya wakubwa, ila yalikula kuni kupita kiasi. Moshi ulipanda moja kwa moja ukatoka, na joto likaenda nao kupasha mawingu. Karne ya 18 kuni zikawa suala la serikali. Nchi ilikuwa inauza chuma nje, chuma kiliyeyushwa kwa mkaa wa miti, na mkaa ule ule ulitoka kwenye misitu ambayo watu walikata kuni za kuotea. Mwaka 1767 baraza la taifa likawapa kazi watu wawili, mbunifu majengo Carl Johan Cronstedt na jenerali Fabian Wrede, watafute tanuri la kubana kuni. Mwaka huo huo maelezo na michoro yao ikachapwa.

Walichofanya ni kuuzungusha moshi. Unapanda kutoka chumba cha moto hadi karibu na kilele, unateremshwa kwa njia za pembeni hadi karibu na sakafu, kisha unapandishwa tena kwa njia ya nyuma ndipo unaruhusiwa kuingia dohani. Ni mtu anayetembezwa sokoni kutwa nzima, kila kibanda kinamchomoa kidogo, na akifika stendi hana hata nauli. Joto lote limebaki kwenye matofali. Viwanda vya Stockholm, Rörstrand na Marieberg, vikayavalisha matanuri hayo vigae vya maua kwa ajili ya wenye nazo. Karne iliyofuata yakashuka bei hadi yakaingia nyumba za wapangaji. Hapa Uppsala kilianzishwa kiwanda cha Uppsala-Ekeby mwaka 1886, nacho kilianza na kazi hiyo hiyo ya vigae vya matanuri. Baadaye yakaja maji ya moto ya mabomba, na matanuri mengi yakavunjwa au yakaachwa kama mapambo, kama letu.

Niweke hesabu hapa, kwa sababu kosa letu lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la kitu kingine. Tanuri kama letu lina uzito wa tani moja na ushei. Kuni kavu zina karibu uniti 4 kwa kilo, uniti zile zile za umeme unazonunua kwenye mita ya LUKU. Ukichoma kilo 5, zinatoka uniti 20, na tanuri zima, lisilo na kasoro, linabakiza kama robo tatu ya hizo, tuseme 15. Tani moja na ushei ya matofali na udongo ikipokea uniti 15 inapanda joto kwa wastani wa nyuzi hamsini hivi, halafu inakaa kuzirudisha chumbani polepole, uniti moja kwa saa, tangu asubuhi hadi usiku. Moto wenyewe unadumu saa moja na nusu. Unawasha, unaacha uwake kwa nguvu, unaisha, basi. Kuni za ziada hazilifanyi lipashe haraka. Zinakwenda kupasua matofali.

Sasa, matofali yakishajaa joto kuna adui mmoja: dohani iliyo wazi. Hewa ya chumbani inaendelea kuvutwa kupitia tanuri, inapoza kila kilichopashwa, inatoka juu. Ndiyo maana kuna kilango cha chuma ndani ya dohani, ambacho Waswidi hukiita spjäll. Kwetu kinaendeshwa kwa kamba mbili zenye vishada zinazoning'inia ubavuni mwa tanuri: ukivuta hii kinafunguka, ukivuta ile kinafunga. Ukikifunga mapema mno, gesi inayotoka kwenye makaa inakosa pa kupitia. Ukichelewa, joto linakimbia. Ufundi wote wa kutumia tanuri hili uko kwenye kamba ya pili.

Tuje kwenye usiku wenyewe, Alhamisi tarehe 4 Januari 2024.

Wiki ile baridi ilikuwa ya kuandikwa. Siku moja kabla, kaskazini kabisa huko Kvikkjokk, ilipimwa nyuzi 43.6 chini ya sifuri. Kwetu kipimajoto cha dirishani kilisoma 21 chini ya sifuri, na pampu ya joto ikawa inanguruma bila faida. Mama alikuwa na siku kumi tu tangu atue. Alikuwa anatembea ndani na koti, kilemba juu ya kofia ya sufu, akisema kwa upole ambao mkwe yeyote anaujua kuwa si upole: "Sikuambieni kitu wanangu, ila hata ng'ombe Lushoto hulala na joto."

Kwa hiyo nikawasha. Asubuhi kilo tano, kama kawaida. Jioni tano tena. Chumba kikafika nyuzi 17 kikagoma. Hapo ndipo nilipoanza kulilisha tanuri kama mtu anavyolisha jiko la kuni: gogo likishuka, naongeza gogo. Saa nne na nusu usiku nikatia mzigo wa mwisho, mkubwa kuliko yote, kuni za mti wenye gome jeupe wanaouita björk. Zilikuwa zimenunuliwa wiki ile na hazijakauka sawasawa. Nilizisikia zikilia sss zikitoa maji kwenye ncha. Sebule tulimpa mama alale, kwa heshima, kwa kuwa ndicho chumba chenye tanuri.

Karibu na saa sita nikafungua milango ya shaba kutazama. Makaa yalikuwa mekundu, yamejaa kiasi cha ndoo, na juu yake vilikuwa vinacheza vimwali vidogo vya buluu. Nilivitazama kwa muda. Niliviona vizuri, hata nikafikiri namna ya kumweleza Idrisa kesho. Kisha nikawaza kwamba dohani iliyo wazi usiku wa nyuzi 21 chini ya sifuri ni sawa na kuacha mlango wa mbele wazi. Nikavuta kamba ya pili hadi ikagonga mwisho. Nikaenda kulala nimeridhika.

Zile ndimi za buluu ni kaboni monoksidi inayoungua. Maadamu unaziona, maana yake makaa yanaitoa na bado kuna hewa ya kuiunguza. Ukifunga kilango, hewa inapungua, ndimi zinazimika, na gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inaishika himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu anakosa pumzi huku anapumua vizuri. Haya yote nimewahi kuyaandika ubaoni kwa chaki. King'ora cha moshi hakiioni gesi hii; kinaona moshi, na moshi haukuwepo.

Tuliyoyafanya baada ya mama kugonga yalikuwa ya haraka na mengine ya kijinga. Madirisha tulifungua. Idrisa, aliyekuwa amelala kwetu kwa ajili ya baridi, tulimfunga ndani ya duveti tukamtoa. Tulipiga 112, tukaambiwa tutoke nje wote tusirudi. Tukakaa kwenye gari mwisho wa uwanja. Mimi nikarudi ndani kufuata dawa za presha za mama, jambo ambalo zimamoto walipofika walinisema kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele. Vipimo vyao vilianza kulia kabla hawajavuka kizingiti cha sebule. Mama alipelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, akaruhusiwa mchana wa siku ya pili. Kwenye gari ya kurudi alinyamaza hadi tukavuka reli.

"Nimepanda ndege mbili nije nife kwa jiko?"

"Nisamehe mama."

"Nimekusamehe. Lakini hilo jiko silali nalo tena."

Jumatatu alikuja msafisha dohani wa manispaa. Kwa sheria ya Uswidi ya mwaka 2003 kuhusu kinga dhidi ya ajali, ni jukumu la manispaa kuhakikisha dohani zinasafishwa na mahali pa kuwashia moto panakaguliwa kwa usalama. Ukaguzi si hiari ya mwenye nyumba. Kijana yule alifunga njia ya dohani kwa juu, akaingiza moshi wa majaribio kwa chini, tukasimama kungoja. Nilitegemea kuuona ukitoka kwenye milango ya shaba. Ulitoka huko kidogo. Ulitoka pia kama uzi mwembamba kwenye maungio ya vigae upande wa ukutani, karibu na sakafu, mahali ambapo kitanda cha mama kilikuwa kimeelekeza mto. Halafu mke wangu akaita kutoka ghorofani. Ulikuwa unatoka kwenye mlango wa tanuri dogo, chumbani mwa Idrisa. Ukuta wa matofali unaotenganisha njia mbili ndani ya mnara ulikuwa umetoboka.

Matanuri yote mawili yakapigwa marufuku palepale, kwa karatasi.

Kwa wiki nane zilizofuata nilikuwa na maelezo yangu tayari: nyufa. Nyumba imezeeka, tanuri limepasuka, gesi ikavuja. Ni maelezo mazuri kwa sababu hayana mtu ndani yake. Yalidumu hadi Machi, alipokuja fundi wa matanuri.

Ni mzee, amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Kiswidi hakina shikamoo. Nilimwita kwa jina lake la kwanza siku zote hizo na ulimi uliniuma kila mara. Hakuanza na tanuri. Alizunguka nyumba. Akasimama jikoni akaiwasha feni iliyo juu ya jiko, akaenda sebuleni, akawasha kiberiti mbele ya mlango wa tanuri ulio wazi. Mwali ukalala kuelekea chumbani. Akaniuliza feni ile usiku ule ilikuwa inazunguka. Nikamwita mke wangu. Ilikuwa inazunguka, polepole, kwa sababu ya harufu ya samaki. Akaangalia juu ya madirisha, kwenye matundu madogo ya hewa yaliyowekwa na waliojenga, akachomoa soksi. Tulikuwa tumeyaziba yote sita kwa soksi kuukuu. Madirisha yenyewe tulibadilisha mwaka 2022, ya vioo vitatu, hayapitishi hata sauti.

Alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Feni inatoa hewa nje. Hewa lazima iingie kwa pengine. Matundu yamezibwa, madirisha hayavuji, kwa hiyo nyumba inavuta kupitia tundu lililobaki, nalo ni dohani. Mgandamizo ndani unakuwa chini kuliko nje na tanuri linageuka pua ya nyumba. Kilango kilichofungwa hakizibi kama kizibo cha chupa. Hewa kidogo inapenya. Sasa hewa hiyo ilikuwa inapita juu ya ndoo ya makaa na kuingia sebuleni.

Ndipo akaanza kulivua tanuri. Sijawahi kuona kazi ya taratibu namna ile. Kila kigae kilipigwa namba kwa penseli, mstari na nafasi, kuanzia taji kushuka chini, kikatolewa kwa mkono na kulazwa sakafuni juu ya blanketi kwa mpangilio ule ule, hadi sebule ikawa ramani ya tanuri lililochanuliwa. Kwa nyuma kila kigae ni kama bakuli la pembe nne, limeshindiliwa udongo na vipande vya matofali. Uzito uko huko. Masizi yalitoka ndoo nne.

Kufika njia za moshi akaniita nitazame kwa tochi. Ukuta mwembamba wa matofali kati ya njia inayopanda na ile ya mwisho inayoingia dohani ulikuwa umeporomoka juu, nusu tofali limelala pembeni kama jino. Hakusema kitu, alinyoosha kidole kutoka chumba cha moto, akakipandisha, akakiingiza moja kwa moja dohani. Moshi wetu ulikuwa unakata njia. Haukuteremka tena pembeni wala kuzunguka. Tulikuwa tunachoma kilo kumi kwa siku katika tanuri la kabla ya 1767.

Hapo kisa changu cha nyufa kikageuka. Tanuri halikuwa linapasha vizuri kwa sababu lilikuwa limevunjika ndani. Kwa sababu halipashi, nililishindilia kuni. Kwa sababu lilishindiliwa, chumba cha moto kikapata joto ambalo hakikujengewa, kuba lake likapasuka na maungio yakafunguka zaidi. Kwa sababu joto lilikuwa linakimbilia dohani, niliona dharura ya kufunga kilango mapema. Kila hatua ilikuwa na akili yake. Nyuzi 17 zilizogoma jioni ile ndizo zilizokuwa taarifa, nami nikaijibu kwa gogo.

Kitu kimoja kingine alichokuta nakieleza kwa ajili ya mafundi waashi watakaosoma. Mtu fulani kabla yetu, hajulikani nani wala lini, aliwahi kuziba maungio ya chini kwa saruji. Mimi pia ningefanya hivyo. Nimekulia mahali ambapo saruji ndiyo dawa ya kila ufa. Tanuri la vigae linafungwa kwa udongo na mchanga tu. Likipata joto linatanuka, likipoa linajikunyata, kila siku, na udongo unakubali mchezo huo. Saruji haikubali. Pale ilipokuwepo, kingo za vigae zilikuwa zimebanduka na mng'aro wake, na ufa mpya ulikuwa umejitengenezea njia pembeni ya saruji, kwenye kigae chenyewe. Fundi alichukua donge la udongo wa zamani, wa miaka mia na zaidi, akalitia kwenye ndoo ya maji. Tulipomaliza kahawa lilikuwa limerudi kuwa tope. "Mjukuu wako atalifungua kwa sifongo," alisema.

Lawama igawanyweje? Zimamoto waliweka mbele kukosekana kwa king'ora cha kaboni monoksidi. Msafisha dohani aliweka mbele nyufa. Fundi, nadhani, moyoni anazilaumu soksi. Mimi nimeyapima yote na naweka mbele kilango. Dohani ile ilikuwa ya moto baada ya siku nzima ya kuwasha. Kama ningeiacha wazi, mvuto wake ungekuwa na nguvu ya kushinda feni inayozunguka polepole, na nyufa zingevuta hewa ya chumba kwenda ndani badala ya kutoa gesi nje. Kwa upande mwingine, chukua tanuri jipya kabisa lisilo na ufa, lijaze makaa mekundu ya kiasi kile, funga kilango, na gesi itatafuta ukingo wa mlango. Nyufa ziliamua gesi itokee wapi. Mkono wangu uliamua itoke.

Hata hivyo sioni kama ni kosa moja lililosimama peke yake. Soksi, madirisha mapya, mzigo wa ziada, kamba ya pili: vyote vilikuwa ubahili wa joto. Hata sebule aliyopewa mama ilikuwa ubahili, kwa kuwa tulizima vipasha joto vya umeme kwenye vyumba vingine. Cronstedt na Wrede walitumwa kubana kuni, wakatengeneza kitu ambacho faida yake yote inategemea mtu asiyebana sana dakika ishirini za mwisho.

Kulijenga upya kulichukua siku tisa. Chumba cha moto kikawekewa matofali mapya ya kuhimili moto, njia zikasimamishwa upya, vigae vikarudi kwa namba zao. Viwili vilivyoharibiwa na saruji vikageuziwa upande wa ukutani. Ndani ya dohani palipotoboka pakazibwa na mtu mwingine. Kisha tukangoja wiki kadhaa udongo ukauke, na moto wa kwanza ulikuwa wa magazeti na vijiti, siku ya pili hivyo hivyo, hadi wiki ikaisha. Mama alikuwa amesharudi Lushoto.

Novemba 2024 tuliliwasha kwa dhati. Kilo tano asubuhi, katika mizigo miwili, kuni zilizokaa bandani tangu kiangazi. Saa mbili baada ya moto kwisha vigae vilikuwa vya kuweka kiganja na kukitoa haraka. Saa mbili usiku bado unaweza kuegemea mgongo ukasinzia. Chumba hakikugomea kwenye 17. Tunawasha asubuhi tu siku hizi, makaa yamalizike mchana mtu akiwa macho. Kilango hakivutwi hadi makaa yamekorogwa na hakuna hata chembe ya buluu, na mwenye kuvuta ni mmoja, mimi, ili pasiwe na wa kudhani mwenzake ameangalia. Matundu juu ya madirisha yako wazi. Kuna vidude viwili vya kupima kaboni monoksidi, kimoja sebuleni, kimoja juu.

Kwa fedha tupu, halijajilipa. Gharama ya fundi ilizidi akiba ya umeme ya misimu yetu yote ya kuwasha, na ningekuwa namshauri mtu anayetaka kupunguza bili tu, ningemwambia anunue pampu bora.

La ghorofani bado lina karatasi yake ya marufuku mlangoni. Fundi ametuandika kwenye foleni yake, na foleni ni ndefu. Kwa sasa Idrisa ameligeuza chumba chake cha moto kuwa gereji. Magari yameegeshwa humo kwa mistari, na la zimamoto ndilo la mbele.